Sahani iliyoliwa nusu: namna ya kumuuguza aliyepotewa na upande wa kushoto

Nyumba yenyewe iko Ng'ambo, hapa Unguja. Mkaza mwana wa mzee alinipokea mlangoni macho yamemwiva, akanivuta pembeni hata viatu sijavua. "Dada, baba kanichukia. Tangu atoke hospitali namuamkia haitikii. Nampelekea chakula anakula nusu, nusu anairudisha, kisha mume wangu akija anaambiwa namnyima." Nikamuuliza, ukimuamkia unasimama wapi? Akaninyooshea kidole. Mlango wa chumba ulikuwa kushoto kwa kitanda.

Nilipita miguuni mwa kitanda, nikasimama mkono wake wa kulia. "Shikamoo babu." "Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa." Sauti nzito, heshima zote. Mbele yake palikuwa na sahani ya wali na papa. Wali umekatika katikati kama uliopigiwa rula: kulia sahani nyeupe inang'aa, kushoto wali haujaguswa, kipande cha papa kizima na ndimu juu yake. Nikamuuliza kama ameshiba. "Nitashiba vipi na kichakula hiki?" Nikaishika sahani nikaizungusha nusu mzunguko, sikusema neno. Akaitazama, uso ukamkunjuka. "Ahaa, umeniongezea. Ahsante." Akala yote.

Mkaza mwana alikuwa mlangoni anaona. Alikaa chini pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa kanga. Wodini walikuwa wameambiwa kwamba ule ni ukaidi wa uzee, na wiki tatu nzima nyumba hiyo iliishi na neno hilo.

Huu ni mwaka wa 14 natembelea wagonjwa wa kiharusi majumbani, kazi yangu ni fiziotherapia. Mkono uliopooza kila mtu anauona na kila mtu anauliza dawa yake. Hili la upande uliopotea halionekani, na ndilo linalovunja nyumba. Ndiyo maana naandika, kwa ajili yako wewe unayeuguza.

Kilichopotea si macho

Fanya jambo moja kabla hujaendelea. Kaza macho kwenye neno moja katikati ya mstari huu, usiyasogeze. Yakiwa yametulia hapo hapo, jaribu kuyachungulia maneno ya kushoto kwake, halafu ya kulia. Utaweza, ingawa kwa taabu kidogo. Macho hayakuondoka, lakini kuna kitu ndani yako kilikwenda kushoto, kikarudi, kikaenda kulia. Kitu hicho nakiita mazingatio, na ndicho alichonyang'anywa mzee wetu.

Mjerumani Hermann von Helmholtz alilijaribu hilo katika karne ya 19. Alikaa gizani mbele ya herufi nyingi, macho kayakaza kwenye kitundu kimoja chenye mwanga, kisha cheche ya umeme ikamulika kwa muda mfupi mno, macho yasipate hata nafasi ya kusogea. Akiamua mapema kuiweka fikra yake pembe fulani, herufi za pembe hiyo alizisoma. Za kwingine zilimpita. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1980, Michael Posner wa Marekani aliandika vipimo vyake: mtu akidokezwa upande ambao alama itatokea, huijibu upesi zaidi kwa makumi ya milisekunde, akidokezwa upande usio, huchelewa. Na mwaka 1985 Jeffrey Moran na Robert Desimone walichungulia ndani zaidi, kwenye seli za neva za nyani zinazopokea picha. Vitu viwili vikiwa mbele ya seli moja, ilijibu kile ambacho nyani alikizingatia, na kile cha pili kikafifia kana kwamba hakipo, ilhali jicho limetulia na vyote viwili viko pale pale.

Kwa binadamu, tofauti hiyo inapimika kwa waya za kichwani: mawimbi ya umeme kutoka sehemu ya kuonea, kule kisogoni, huwa makubwa zaidi kwa kitu kilicho upande unaouzingatia, na hutokea takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde tangu kitu kionekane. Yaani mazingatio hayasubiri uone kwanza ndipo yachague. Yanaingia ndani ya kuona kwenyewe.

Sasa kwa nini kushoto? Nusu ya kulia ya ubongo, khasa eneo linaloitwa parieto lililo juu na nyuma ya sikio pamoja na jirani zake, ndiyo yenye kazi kubwa ya kuelekeza mazingatio. Maelezo yanayotumika sana ni kwamba nusu hiyo hulinda pande zote mbili, na nusu ya kushoto hulinda zaidi kulia peke yake. Kiharusi kikipiga kushoto mwa ubongo, kulia bado kuna mlinzi. Kikipiga kulia, kushoto kunabaki wazi. Kwa hiyo tatizo hili kwa upande wa kulia lipo, lakini huwa jepesi na huondoka mapema. La kushoto ndilo zito.

Na si kwamba picha haifiki. Mwaka 2000 Geraint Rees na wenzake wa London walimpima mgonjwa wa aina hii ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaona sehemu ya kuonea ya ubongo wake ikiitika picha za kushoto ambazo mwenyewe aliapa hajaziona. Mgeni kaingia hadi ukumbini, hakuna aliyemkaribisha. Hilo ndilo linalonipa moyo kila siku katika kazi hii, maana panapobaki mlango, pana la kufanya.

Wenzangu wengine huuita ugonjwa huu "kupuuza upande." Silipendi neno hilo. Anayepuuza anajua anachokiacha. Mgonjwa wako hajui, na anadhani ameshatazama kote. Ndiyo maana kumwambia "tazama kushoto" hakusaidii kitu. Kwa maoni yake ameshatazama.

Hata kumbukumbu hufuata mkondo huo. Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliandika mwaka 1978 habari za wagonjwa wa Milano, Italia, waliotakiwa kufikiri wamesimama katika uwanja wa kanisa kuu la mji wao. Walitaja majengo ya kulia tu. Walipoambiwa wajione wamehamia upande wa pili wa uwanja, wakataja yale waliyoyaacha, na ya mwanzo yakapotea. Nilimfanyia mzee wetu hivyo kwa Forodhani, bustani ya ufukweni ya Mji Mkongwe, maana alikulia pale. Nikamwambia: babu, umesimama bustanini, bahari iko mgongoni, nambie unaona nini. Akataja Ngome Kongwe, akaenda zake kulia mpaka mtaa wa Shangani, nyumba kwa nyumba. Beit el Ajaib, lile jumba kubwa lililo kushoto ukisimama hivyo, hakuitaja. Nikamwambia: haya, sasa umesimama mlango wa Ngome unatazama bahari. Mara Beit el Ajaib ikatokea, na kasri, na bandari, akasikitika vile sehemu ya jumba ilivyoanguka Desemba 2020. Shangani ikafutika. Mji wote alikuwa nao kichwani, ila nusu yake kila mara ilikuwa gizani.

Mpime mwenyewe, na uweke karatasi

Subiri awe macho, ameshakula, hajachoka. Asubuhi ndiyo wakati wake. Chukua karatasi tupu, uchore mstari ulionyooka wa kama sentimita 20, uiweke katikati ya kifua chake, umwambie aweke alama katikati ya mstari. Mwenye tatizo hili huweka alama kuliani, wakati mwingine mbali kabisa. Karatasi ya pili itawanye herufi, thelathini hivi, kulia kumi na tano na kushoto kumi na tano, umwambie azikate zote kwa kalamu. Usimhimize. Mwache mpaka aseme mwenyewe "nimemaliza." Mzee wetu alikata kumi na moja, zote za kulia, akanirudishia kalamu kwa fahari.

Kisha kaa mbele yake, kama hatua moja, akutazame puani. Inua mikono yako miwili, mmoja kila upande. Chezesha kidole cha kushoto kwake peke yake, halafu cha kulia peke yake, halafu vyote pamoja, kwa mpango usiotabirika. Yapo majibu mawili ya kuangalia. Akiona kila kimoja kikiwa peke yake, lakini vikichezeshwa pamoja akaona cha kulia tu, hayo ni mazingatio: pande mbili zinashindana na kulia kunashinda. Akiwa haoni cha kushoto hata kikiwa peke yake, huenda na njia ya kuonea imekatika pia, basi apelekwe kwa daktari wa macho apimwe upana wa kuona. Mtu aliyekatika njia ya kuonea tu, akili yake inajua kwamba upande haupo, na baada ya siku chache utamwona anageuza shingo kuutafuta. Huyu wetu hageuzi. Anaweza kuwa na yote mawili.

Andika tarehe juu ya kila karatasi uzifunge pamoja, urudie kila wiki. Siku utakapokata tamaa, karatasi hizo zitakuonyesha safari iliyokwendwa, na daktari akiziona ataelewa kwa dakika moja yale utakayoyaeleza kwa saa.

Tahadhari moja ya kwetu. Usimpime kwenye sinia. Tumelelewa kula kilicho mbele yetu, hakuna anayeshangaa mtu asipogusa upande wa mwenzake, kwa hiyo sinia huficha ugonjwa huu vizuri sana. Mpe sahani yake, uone.

Chumba kwanza

Utasikia ushauri kwamba kila kitu kihamishiwe kushoto ili alazimike kukitafuta. Kwa siku za mwanzo nakataa. Mtu mwenye kiu ambaye glasi yake iko mahali pasipokuwepo hajifunzi kitu, anakaa na kiu. Maji, simu, kengele ya kuitia watu na chombo chake cha mkojo viwe kulia. Anayekuja kuzungumza naye jambo zito, au kumpa dawa, aende kulia.

Kinachohamia kushoto ni furaha: redio yake, mjukuu anayempenda, kahawa ya alasiri. Na usianzie ukutani. Anza katikati, mbele ya pua yake, kila siku chache usogeze kama upana wa kiganja. Mkaza mwana tulimwambia aingie, apite miguuni mwa kitanda akiwa anasema, aanze kumuamkia akiwa kulia, kisha huku anaendelea kuongea arudi pole pole kuelekea kushoto, macho ya mzee yakimfuata. Yakikatika, asimame, arudi hatua moja nyuma pale yalipokatikia. Sauti huvuta kile ambacho macho peke yake yameshindwa kukivuta.

Jambo la pili la chumba, ambalo watu hulisahau, ni kupunguza vurugu za kulia. Posner na wenzake walipowapima wagonjwa wa parieto mwaka 1984, waliona kwamba shida kubwa ni kung'oka. Mazingatio yakishatua kulia, yananasa hapo. Basi wakati wa kula na wakati wa mazoezi mkalishe kulia kwake kuwe na ukuta mtupu. Zima televisheni. Dirisha la barabarani lenye watu wanaopita, kama liko kulia, teremsha pazia. Nyumba moja ya Bububu nilihangaika mwezi mzima bila matokeo, hadi nilipogundua kwamba kuliani kwa bibi wa watu kulikuwa na mlango wa duka la mwanawe na watu kutwa wanaingia na kutoka. Tulipokigeuza kiti, wiki ile ile akaanza kuukuta mkono wake wa kushoto.

Mpe kitu cha kukifikia

Hapa ndipo kazi yenyewe. Badala ya kumwambia atazame kushoto, mpe alama, na amri iwe moja: usisimame mpaka uione. Mimi natumia utepe mwekundu mpana wa kufungia mizigo. Nabandika kipande ukingo wa kushoto wa meza, kingine ukingo wa kushoto wa kioo, kingine pembeni mwa fremu ya mlango. Kabla ya kula: "Babu, nitafutie wekundu." Anatembeza kidole ukingoni mwa meza, kutoka kulia, kinatambaa, kinatambaa, macho yakikifuata, mpaka kiguse utepe. Ndipo anaanza kula, na anaanzia kule kule kwenye utepe. Kuizungusha sahani kama nilivyofanya siku ya kwanza iwe ya mwisho, siku amechoka sana, kwa sababu ukizungusha wewe, upande wake wa kushoto haukupata kazi yoyote.

Kwenye kusoma ni vivyo hivyo, lakini kwetu pana jambo zuri la kulijua. Gazeti la Kiswahili huanzia kushoto. Mgonjwa ataanza katikati ya mstari, hataelewa, atalitupa na kusema waandishi wa siku hizi hawajui kuandika. Msahafu huanzia kulia, upande alio nao. Ataanza aya vizuri kabisa, na atapotewa na miisho ya mistari. Kwa hiyo mzee anayesoma Kurani huonekana mzima zaidi ya alivyo, na familia hudanganyika, khasa kama amehifadhi, maana ulimi unamalizia kile ambacho jicho halikukiona. Mletee kitabu cha dua asichokihifadhi, utaujua ukweli. Kwa gazeti, chora mstari mnene mwekundu pambizo ya kushoto: kila mstari haanzi mpaka aone wekundu. Kwa kitabu cha Kiarabu, mstari huo huo wa kushoto unakuwa kituo: hashuki mpaka aufikie.

Mwaka 1998 kulichapishwa mbinu moja ya Janet Niemeier ambayo hapa kwetu haihitaji maelezo marefu. Mgonjwa anafundishwa ajione kama mnara wa taa: macho yake ndiyo taa, yazunguke mpaka mwisho wa kulia, kisha mpaka mwisho wa kushoto, kwa mwendo ule ule, bila kuruka mahali. Mzee wetu aliwahi kuwa baharia wa jahazi. Nikamwambia, babu, wewe sasa ni Chumbe. Akacheka mpaka akakohoa. Mnara wa Chumbe umesimama tangu 1904 na anaujua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Kuanzia siku hiyo mjukuu akisema tu "Chumbe!" shingo ilizunguka yenyewe. Mnara ukiacha upande mmoja, alikuwa akisema, chombo kinapanda mwamba.

Kuna na pigo la sauti. Mwaka 1998 Ian Robertson na wenzake waliona kwamba sauti ya ghafla, ikitangulia kidogo tu kabla ya kitu kuonyeshwa, inapunguza kule kuchelewa kwa kushoto, hata kama sauti yenyewe haikutoka kushoto. Inauamsha ubongo wote. Basi kabla ya zoezi gonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, au piga kofi. Moja linatosha. Ukiligeuza kuwa kelele, unampa vurugu nyingine.

Na mkono wa kushoto ufanye kazi, hata kidogo. Robertson huyo huyo, pamoja na Nigel North, walionyesha miaka ya mwanzo ya 1990 kwamba mgonjwa akichezesha kiungo cha kushoto mwenyewe, kikiwa upande wa kushoto, upande ule hujitokeza zaidi. Kidole kimoja kikiweza kuinuka, kiinuke. Uweke mkono mezani, kushoto, mahali pake, usiachwe kuning'inia, na kila baada ya mistari miwili ya kusoma agonge meza kwa kidole hicho. Katika udhu, mkono wa kushoto ndio anaousahau. Weka kopo la maji kushoto mwake, umsubiri. Na kwenye salamu ya kumalizia sala, ile ya pili, mwombe ageuke kikamilifu mpaka aone bega lake la kushoto ndipo amalize. Mara tano kwa siku, bila kuliita zoezi.

Vikao viwe vifupi. Dakika kumi na tano, mara tatu, zinashinda saa nzima moja. Ukiona anaanza kuinamia kulia na maneno yanapungua, umekwisha muda wake.

Bao

Hili nimelipata barazani, si kitabuni, na nalipenda kuliko yote. Bao la kete lina mashimo 32, kila mchezaji na 16 yake, manane mbele na manane nyuma. Mzee wetu alikuwa bingwa wa mtaa. Siku ya kwanza tuliyomwekea ubao alicheza mashimo ya kulia tu. Kichwa chake cha kushoto, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kimbi cha jirani yake vilijaa kete hadi zikamwagika, na alikuwa akilalamika kwamba kaishiwa.

Lakini bao halimruhusu mtu kukaa upande mmoja. Ukichota kete lazima uzitawanye moja moja, shimo kwa shimo, na mkono unapofika kichwani lazima uzunguke safu ya pili. Mkono unamvuta mtu mpaka kushoto, kete kwa kete, na kila kete inalia "tok" inapoingia. Kuna sauti, kuna mkono, kuna macho, kuna hamu ya kushinda. Tulibandika utepe ukingo wa kushoto wa ubao, tukaweka sharti: kabla ya kila mchezo aguse kichwa cha kushoto, akitaje kina kete ngapi. Mpinzani wake, rafiki wa miaka arubaini, alikubali kungoja. Mwanzo raundi moja ilikuwa nusu saa. Kama mgonjwa wako si mtu wa bao, tafuta kitu chake kinacholazimisha mkono kutembea kutoka kulia hadi kushoto: kuchambua mchele kwenye ungo, kuanika dagaa, kupanga karata. Kipendwe kwanza, zoezi litafuata.

Mahali pasipo mzaha

Barabara. Kwetu magari hupita mkono wa kushoto, kwa hiyo anapoanza kuvuka, ya kwanza hutokea kulia kwake, anayaona vizuri, anajiamini. Akifika katikati, yanayofuata hutokea kushoto. Hapo ndipo hatari ilipo. Asivuke peke yake, na anayemsindikiza awe kushoto kwake, amshike. Vespa na baiskeli asirudi mpaka daktari aseme, hata akisema mwenyewe kwamba amepona. Mzee mmoja alinikasirikia miezi miwili kwa ufunguo wa vespa niliomshauri mwanawe aufiche. Afadhali hasira.

Kiti cha magurudumu: breki ya kushoto haifungwi na mkono wa kushoto unaingia kwenye gurudumu bila yeye kujua. Angalia kila mara kabla hujasukuma. Jiko: moto wa upande wa kushoto uwe umezimwa, au asipike peke yake. Mkono uliopooza usivutwe kumwinua, bega linachomoka, na kwa kuwa haulindi, hatasema mapema.

Na likitokea jipya la ghafla, uso kupinda, mkono kuishiwa nguvu, kauli kubadilika, hospitali saa hiyo hiyo. Kisomo kitasomwa njiani. Dawa za presha haziachwi kwa sababu anajisikia vizuri.

Zipo pia miwani maalumu za prizimu, zinazosogeza picha kuelekea kulia. Yves Rossetti na wenzake wa Ufaransa walionyesha mwaka 1998 kwamba mgonjwa akizivaa dakika chache huku anaelekeza kidole kwenye shabaha, akizivua hujikuta amevutwa kushoto kwa muda wa saa mbili angalau. Ukiwa na mtaalamu anayezijua, muulize. Usizibuni nyumbani kwa miwani ya kuazima.

Wengi hupata nafuu kubwa katika miezi ya mwanzo. Mzee wetu tulianza Rajabu. Kufika Mfungo Tatu alikuwa anakata herufi ishirini na nane kati ya thelathini, na alama ya mstari iko karibu na katikati, kulia kidogo tu. Siku moja niliingia nikamkuta mkaza mwana amesimama mlangoni, upande ule ule, na kikombe mkononi. Mzee kageuza shingo pole pole kama Chumbe, kamwona, kamwambia, "Mbona umesimama, mama? Kahawa itapoa."

Utepe bado uko mezani. Jioni akichoka, kachumbari hubaki kushoto. Mkaza mwana hangoji kuitwa na hamkumbushi kwa maneno. Anagonga ukingo wa sahani kwa kijiko, mara moja, kisha anaendelea kumenya chungwa lake.